Mezani kwa akina Fournaise

Chakula kimeshaliwa. Juu ya kitambaa cheupe kilichokunjamana zimebaki zabibu na mapeasi, chupa za mvinyo ambazo hazijaisha, bilauri na kipipa kidogo. Binti mmoja aliyevaa kofia ya maua amemkalisha kijibwa chake mezani na kumchezea, hana habari na wenzake. Mbele yake, upande wa pili wa meza, kijana wa fulana isiyo na mikono amekigeuza kiti akakikalia mapajani wazi, sigara mkononi. Nyuma yao watu wanaongea wote kwa pamoja, kama ilivyo kila mahali watu wakishashiba.

Hiyo ndiyo picha ya Pierre-Auguste Renoir iitwayo Chakula cha Mchana cha Wapiga Makasia. Aliianza mwaka 1880 na kuimaliza mwaka uliofuata. Watu wake 14 wamekusanyika kwenye roshani ya mgahawa wa familia ya Fournaise huko Chatou, kisiwani katikati ya mto Seine, magharibi ya Paris. Mgahawa ungalipo. Roshani nayo ipo, na vyuma vyake vya kuegemea.

Mwaka 1857 Alphonse Fournaise alinunua kiwanja hapo kisiwani, akaanza kuunda mashua na kuzikodisha. Mkewe alishika jiko. Biashara iliwanyookea kwa sababu ya reli: njia ya kwanza ya treni ya abiria kutoka Paris, iliyofunguliwa mwaka 1837, ilipita Chatou, na karani wa mjini aliweza kupanda treni Saint-Lazare Jumapili asubuhi na kuwa majini kabla jua halijawa kali. Mwandishi Guy de Maupassant alikuwa mmoja wa makarani hao. Siku za kazi alikuwa karani wizarani. Akipata nafasi, alishika kasia. Chakula cha kingo za Seine enzi hizo kilikuwa cha mto wenyewe: vidagaa vilivyokaangwa vikakauka, ukavitafuna na miba yake, na mikunga iliyopikwa kwa mvinyo mwekundu hadi mchuzi ukawa mzito.

Renoir alikuwa mteja wa siku nyingi. Tangu mwaka 1875 alikuwa ameshamchora mzee Fournaise mwenyewe. Alipoanza picha kubwa alimwandikia rafiki yake Paul Bérard kwamba kazi hiyo alikuwa akiitamani muda mrefu, kwamba gharama zinamtisha, na kwamba mtu hana budi mara mojamoja kujaribu jambo linalomzidi nguvu. Hebu fikiria: turubai la karibu mita moja na robo tatu kwa upana, limewekwa kwenye roshani ya watu wanaouza chakula, na watu wa kuchorwa wanakuja kila mmoja kwa siku yake.

Wale watu hawakutungwa kichwani. Binti wa kijibwa ni Aline Charigot, mshonaji nguo, ambaye Renoir alimwoa mwaka 1890. Kijana wa kiti kilichogeuzwa ni Gustave Caillebotte, mchoraji tajiri na baharia hodari. Aliyeegemea vyuma upande wa kushoto, kifua mbele, mikono imejaa misuli ya kazi, ni Alphonse mdogo, mtoto wa mwenye mgahawa. Ndiye aliyeshughulikia mashua. Dada yake Alphonsine ameinamia ukingo, kidevu mkononi, akisikiliza mazungumzo. Hapo ndipo ninapompendea Renoir. Wenye nyumba amewaweka ndani ya picha pamoja na wateja, mshonaji meza moja na tajiri, na huwezi kusema nani amemkaribisha nani.

Kisha watu wakapoa na makasia, na mwaka 1906 mgahawa ulifungwa. Picha nayo ilivuka bahari: mwaka 1923 Mmarekani Duncan Phillips aliinunua kwa dola 125,000, na hadi leo iko kwenye makumbusho yake jijini Washington. Huko Chatou nyumba iliachwa ichakae kwa miongo mingi. Mwishowe mji wenyewe uliinunua, mwaka 1982 ikaingizwa katika orodha ya majengo ya kihistoria ya Ufaransa, na mafundi wakaanza kazi ya kuirudishia sura yake, pamoja na michoro iliyokuwa ukutani.

Kuna jambo moja katika ukarabati ule ambalo nadhani halijasifiwa vya kutosha. Mgahawa ulifunguliwa tena mwaka 1990. Makumbusho ya hapo Chatou yalifuata mwaka 1992. Jiko lilitangulia. Ingekuwa rahisi kuifanya nyumba nzima iwe ya kutazamwa, kamba nyekundu mlangoni na kibao cha usiguse. Lakini roshani ile ilipata umaarufu kwa sababu watu walikula juu yake, wakamwaga mvinyo, wakachelewa kuondoka. Nyumba ya namna hiyo ukiinyima sahani na kelele za wahudumu, umehifadhi mbao na matofali tu. Nasema hivi nikijua kwamba mgahawa ndani ya jengo la kale ni mzigo: mafuta ya jikoni hayana huruma na dari, na wageni hawana huruma na sakafu. Mzigo huo unastahili kubebwa.

Tukirudi kwenye picha yenyewe, wataalamu wa Washington walipoichunguza kwa mionzi waligundua kwamba turubai la mistari linalowakinga walaji na jua Renoir aliliongeza baadaye, watu wakiwa wameshachorwa. Lilipoingia, lilifunika sehemu kubwa ya mandhari ya nyuma na kumlazimisha mtazamaji abaki pale mezani. Kilichoachwa nyuma ya Alphonse mdogo ni majani, maji, na daraja la reli kwa mbali.

Anayetaka kwenda kwa akina Fournaise apande treni ya RER A kutoka Paris ashuke Rueil-Malmaison, kisha atembee hadi daraja la Chatou na kuteremkia kisiwani. Aweke nafasi mapema, hasa Jumapili, na kukiwa na jua aombe roshani.