Uchungu Baada ya Jino Kung'olewa

Leo twataka kuzungumza juu ya jambo lisilotajwa sana mimbarani, nalo ni uchungu unaobaki kinywani baada ya jino kung'olewa.

Hapa kwetu Rongo, na katika nchi yote ya Wajaluo, habari hii ina mizizi ya zamani. Wengi wa babu na bibi zetu waling'olewa meno sita ya mbele ya taya la chini, desturi iitwayo nak. Ilifanywa kwa chuma, pasipo ganzi yo yote, na kijana alitazamiwa asilie. Desturi yenyewe ilififia katika karne ya 20, lakini ule ukimya haukwisha. Ulihamia hospitalini na, tukisema kweli, ulihamia kanisani pia. Utamkuta mama ameng'olewa gego asubuhi, jioni shavu limevimba, na vidonge vyake vingali mezani. Ukimwuliza, atajibu kwamba anamtegemea Mungu.

Wako wanaotukumbusha kwamba pale Golgotha Bwana Yesu alipewa divai yenye manemane, asiinywe. Ni kweli, Marko aliandika hivyo katika sura ya 15. Lakini yeye alikuwa na kazi ambayo hakupewa mwingine. Hatusomi po pote kwamba alimwagiza mgonjwa akatae dawa, na Paulo alimshauri Timotheo atumie divai kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Kumeza kidonge si kupungukiwa na imani.

Hata ganzi si kitu cha kale. Ilikuwa tarehe 16 Oktoba 1846 ambapo William Morton, mganga wa meno huko Boston, Marekani, alionyesha mbele ya madaktari jinsi mvuke wa etha unavyomlaza mgonjwa apasuliwe bila kusikia uchungu. Lidokaini, ile dawa ambayo wengi wetu huchomwa ufizini, ilitengenezwa Uswidi mwaka 1943. Wazee wa nak hawakuikataa, hawakuwa nayo.

Basi ganzi hiyo huisha baada ya saa chache. Meza kidonge cha kwanza kabla haijaisha, maana uchungu uliokwisha kupanda ni mgumu kushusha. Mtu mzima aweza kumeza parasetamoli mbili za miligramu 500 kila baada ya saa sita, asipite vidonge vinane kwa siku. Ibuprofeni hupunguza na uvimbe pia, lakini mwenye vidonda vya tumbo, mwenye ugonjwa wa figo na mama mjamzito wasiitumie bila kumwuliza daktari. Aspirini huzidisha kutoka damu. Asiyeandikiwa na daktari aiache.

Katika shimo la jino damu huganda, na hilo bonge ndilo blanketi la mfupa. Kwa hiyo ung'ate kitambaa ulichopewa kwa nusu saa hivi, na siku ya kwanza usisukutue, usiteme mate kwa nguvu, wala usinyonye soda kwa mrija. Sigara iache kabisa. (Na miwa, ndugu zetu wakulima, ingoje shambani.) Baada ya saa 24 sukutua polepole kwa maji ya uvuguvugu, chumvi nusu kijiko cha chai katika glasi moja.

Kwa kawaida uchungu hupungua siku hata siku. Ukianza kuzidi siku ya tatu au ya nne, ukapanda mpaka sikioni, na kinywa kikanuka, huenda lile bonge limetoka na mfupa uko wazi. Huo hauvumiliwi nyumbani. Rudi kwa daktari wa meno, ataliosha shimo na kuweka dawa, na mara nyingi nafuu huja upesi. Lakini ukiona homa, au kinywa hakifunguki, au kumeza na kupumua kwawa shida, waamshe majirani watafute gari usiku huo huo.