Kura Peke Yake Haitoshi: Tujifunze kwa Profesa Wamba dia Wamba



Katika kuvitembelea vikundi vya hapa Iguhu, kuna swali tumeulizwa mara nyingi: "Sisi tulipiga kura vizuri, mbona kikundi kimegawanyika?"

Tuchukue mfano. Tuseme kikundi kina wanachama 25 na wameweka mahindi ghalani. Siku ya kuamua kama watauza au watangoja bei ipande, watu wanainua mikono. Kumi na watatu wanasema tuuze, kumi na wawili wanasema tungoje. Mahindi yanauzwa. Mwezi unaofuata wale kumi na wawili hawaji mkutanoni, na mchango hawaleti. Sasa hapo ni nani ameshinda?

Kuna mwalimu mmoja aliyelifikiria jambo hili karibu maisha yake yote. Hakuwa Mkenya, lakini alifundisha hapa karibu, Dar es Salaam. Jina lake ni Profesa Ernest Wamba dia Wamba. Maisha yake yana somo kwetu, tena somo lenyewe lina pande mbili: yale aliyoyafundisha na yale yaliyompata.

Alitoka wapi?

Wamba alizaliwa mwaka 1942 katika kijiji cha Sundi-Lutete, upande wa Kongo ya Chini, wakati Wabelgiji wakitawala. Alisoma shule za misheni ya Waswidi, kisha akapata nafasi ya kwenda Marekani kusoma falsafa. Huko alisoma, akaoa, akafundisha vyuo vikuu. Mwaka 1980 aliamua kurudi Afrika, akawa mwalimu wa historia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Mwaka 1981 alikwenda kwao, nchi ambayo wakati huo iliitwa Zaire chini ya Rais Mobutu. Alikamatwa kwa sababu ya maandishi yake ya kuukosoa utawala, akawekwa kizuizini. Baadaye aliachiliwa akarudi Dar es Salaam kuendelea na kazi. Basi mtu huyu hakujifunza uhuru wa kusema kwa vitabu tu. Alijua ni nini mtu kunyamazishwa.

Wasomi wenzake walimheshimu. Kuanzia mwaka 1992 hadi 1995 alikuwa rais wa CODESRIA, baraza la watafiti wa Afrika lenye makao yake Dakar, Senegal. Mwaka 1997 alikuwa mmoja wa waliopewa Tuzo ya Prince Claus ya Uholanzi.

Mbongi ni nini?

Katika miaka ya 1980 na 1990 watu wengi Afrika walikuwa wakidai vyama vingi. Sisi Kenya tunakumbuka Desemba 1991, kifungu cha 2A kilipoondolewa katika Katiba, na uchaguzi wa 1992 uliofuata. Tunakumbuka pia kwamba miaka hiyo hiyo majirani walichomeana nyumba katika Bonde la Ufa na hapa Magharibi. Vyama vilikuja vingi, lakini kusikilizana hakukuja pamoja navyo.

Wamba aliliona jambo hili. Hakutetea chama kimoja hata kidogo. Alichosema ni kwamba vyama vingi peke yake vinaweza kuwa mashindano ya wakubwa wachache wanaogombania serikali, na mwananchi wa kawaida anaitwa siku moja tu kupiga kura, kisha anaambiwa aende nyumbani. Kwake yeye, demokrasia ya kweli inaanzia pale watu wanapoishi na kufanya kazi, wakikaa chini kuyazungumza mambo yao wenyewe.

Mfano wake aliutoa kwao. Wakongo wana mahali pa kukutania kijijini panapoitwa mbongi. Kukiwa na ugomvi, au jambo zito limeingia, watu hukusanyika na kulizungumza. Kila mtu ana haki ya kusema, na wengine wana wajibu wa kumsikiliza. Wako watu wenye kipaji cha maneno, wanaoitwa nzonzi. Kazi yao ni kuyaongoza mazungumzo na kuyatoa nje yale yaliyofichika moyoni. Nia si kumshinda mtu. Nia ni kuuponya ujirani, ili kesho watu waweze kuishi pamoja.

Jambo hili si geni kwetu. Wazee wetu walikaa chini ya mti wakamaliza kesi za mipaka ya shamba na za ng'ombe. Hata ndugu zetu Wafrends, ambao misheni yao ilianza Kaimosi mwaka 1902, hawapigi kura katika mikutano yao ya shughuli. Karani husikiliza mpaka aone mkutano umefika mahali pamoja, ndipo anaandika. Kama hawajafika, jambo linawekwa mpaka siku nyingine.

Lakini tusidanganyane. Baraza la zamani halikuwa la kila mtu. Mara nyingi akina mama na vijana walikaa pembeni, au waliletewa uamuzi nyumbani ukiwa umekwisha. Tukirudisha baraza kama lile, tutakuwa tumerudisha kosa lile lile. Sisi tunataka baraza ambalo mjane na kijana asiye na shamba nao wana neno.

Profesa anaingia vitani

Sasa tufike upande wa pili wa somo. Mobutu aliondolewa mwaka 1997 na Laurent Kabila akachukua nchi. Agosti 1998 vita vingine vikaanza mashariki ya Kongo. Kikundi cha waasi kilichoitwa RCD kikaundwa Goma, kikiungwa mkono na Rwanda na Uganda. Wengi walishangaa kusikia mwenyekiti wake ni nani: Profesa Wamba dia Wamba, yule yule mwalimu wa baraza.

Alitumaini kuitumia nafasi ile kuleta mazungumzo na utawala wa watu. Lakini bunduki hazikuwa zake, wala pesa hazikuwa zake. Mkono mtupu haulambwi. Mwezi wa Mei 1999 wenzake wa Goma walimwondoa uongozini. Yeye akabaki Kisangani akilindwa na askari wa Uganda, na wale wa Goma wakawa na Rwanda.

Sisi wa Idakho tunajua fahali wakipigana nyasi huwa namna gani. Majeshi ya nchi hizo mbili yalipigana ndani ya mji wa Kisangani Agosti 1999, na tena Juni 2000. Katika mapigano ya Juni peke yake raia waliuawa kwa mamia. Hakuna aliyekuwa amewauliza neno.

Hata mkataba wa amani wa Lusaka wa 1999 ulikwama kwa sababu RCD haikukubaliana ni nani aweke sahihi. Mwishowe, Agosti 31, waanzilishi wapatao 50 walitia sahihi wote. Wamba akahamia Bunia, na huko pia wenzake wakagawanyika na akaondolewa. Baada ya amani ya 2003 alikuwa seneta katika bunge la mpito hadi 2006. Alifariki Kinshasa Julai 15, 2020.

Je, tuseme mafundisho yake yalikuwa bure? Sisi hatuoni hivyo. Tunaona kwamba yaliyompata yameyathibitisha. Alifundisha kwamba watu wakiamua wenyewe, uamuzi unadumu. Alipoingia mahali ambapo mwenye silaha na mwenye pesa ndiye anayeamua, hata yeye mwenyewe hakusikilizwa.

Sisi tufanye nini?

Huenda mtu akasema, "Hayo ni ya Kongo, sisi tuna kuku na mzunguko wa pesa tu." La hasha. Kikundi kidogo kina hatari ile ile. Mwenyekiti akiwakopesha wenzake pesa zake mwenyewe, ni nani atampinga mkutanoni? Mfadhili akija na mradi wake umeshapangwa, watu watasema ndiyo kwa mdomo na hapana kwa miguu. Kwa hiyo tunashauri hivi:

1. Zungumzeni kabla ya kuhesabu mikono. Jambo kubwa, kama kuuza mali ya kikundi au kukopa, lisiamuliwe siku lile lile lililotajwa mara ya kwanza. Watu walale nalo.

2. Zungukeni. Kila mmoja aulizwe kwa zamu, kuanzia mdogo na yule anyamazaye. Mwenyekiti aseme mwisho.

3. Waulizeni walio wachache: "Tufanye nini ili nanyi mweze kuishi na uamuzi huu?" Katika mfano wetu wa mahindi, pengine wangeuza magunia nusu na kuweka nusu.

4. Kama lazima kura ipigwe, pigeni. Lakini karani aandike pia sababu za walioshindwa, zisomwe mkutano ujao.

5. Pesa za kikundi zisiwe mkononi mwa mtu mmoja, na deni la kikundi lisiwe kwa kiongozi wake.

6. Msaada ukija kutoka nje, kaeni wenyewe kwanza bila mgeni, mkubaliane mnataka nini.

Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 10, inataja ushiriki wa wananchi kuwa moja ya maadili ya taifa. Basi mkizoea kusikilizana kikundini, hata siku kaunti inapowaita kutoa maoni juu ya bajeti mtajua kusema, na mtajua kudai kusikilizwa.

Maswali ya kujadiliana kikundini

- Katika mkutano wetu uliopita, ni nani hakusema neno? Kwa nini?
- Kuna uamuzi gani tuliopitisha kwa kura na bado unaumiza wengine?
- Pesa zetu zinatoka wapi, na anayezileta ana sauti kubwa kuliko wengine?

Penye wengi hapaharibiki neno, walisema wahenga. Lakini hao wengi lazima waongee.