Wazee na Mlima: Safari ya Siku Moja Hupangwa kwa Miezi

Asubuhi, kabla jua halijapanda sana, mtu asimamaye Grande Barrière mjini Gisenyi huona mambo matatu kwa pamoja. Kushoto kwake ni maji ya Ziwa Kivu. Mbele yake ni Goma, mji ulioshikana na Gisenyi kama nyumba mbili zilizojengwa kwa ukuta mmoja. Na juu ya Goma, mawingu yanapokubali kuondoka, ni mlima wa Nyiragongo wenye urefu wa mita 3,470, nao hutoa moshi kama jiko lisilozimwa.

Hapo ndipo tulipowakuta wazee wanne, wanaume wawili na wanawake wawili, wamekaa kivulini na daftari moja la shule. Mdogo wao ana umri wa miaka 66, mkubwa wao 73. Tulipowaamkia na kuuliza habari za asubuhi, walituonyesha daftari. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na maneno haya tu: “Kupanda mlima na kurudi siku ile ile.”

Msomaji asicheke. Sisi wenyewe tulikaribia kucheka, kisha tukakaa kusikiliza, na tulipoondoka tulikuwa tumejifunza mengi.

Mzee yule wa miaka 73 aliupanda Nyiragongo mwaka 1976, akiwa kijana, akaliona ziwa la moto ndani ya kasoko. Mwaka uliofuata, tarehe 10 Januari 1977, mlima ulipasuka ubavuni na lava ikateremka kwa kasi ambayo mtu hawezi kuikimbia. Ulilipuka tena tarehe 17 Januari 2002, lava ikakata mji wa Goma hadi ziwani. Na tena tarehe 22 Mei 2021. Katika mlipuko wa 2002 maelfu kwa maelfu ya watu walivuka mipaka hii kuingia Gisenyi. Mmoja wao alikuwa mama aliyekaa mbele yetu, ambaye leo ana miaka 68. Alivuka na mjukuu mgongoni na sufuria moja mkononi.

“Siku ile tulitembea bila kupanga,” alituambia. “Safari hii twataka kupanga.”

Jambo la kwanza la kupanga ni mlima wenyewe. Moyo wa mzee ulikuwa ungali Nyiragongo, lakini akili yake ilikwisha kukubali. Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925, imefunga njia zake kwa wageni zaidi ya mara moja kwa sababu ya vita na maradhi, na Januari 2025 Goma yenyewe iliingia mikononi mwa wapiganaji wa M23. Tena, wapandao Nyiragongo aghalabu hulala ukingoni ili wauone moto usiku; si mlima wa kwenda na kurudi mchana mmoja. Basi wazee waliamua kutovuka mpaka. Walichagua Bisoke, mlima wa mita 3,711 ulio katika Hifadhi ya Taifa ya Volkano, upande wa Rwanda, wenye ziwa la maji baridi kileleni badala ya moto. Karisimbi, mkubwa wao wote kwa mita 4,507, waliuacha kwa kuwa hutaka siku mbili.

Jambo la pili ni hewa. Gisenyi iko karibu na usawa wa Ziwa Kivu, yaani mita 1,460 hivi. Kileleni Bisoke mtu huwa amepanda zaidi ya mita 2,200 kutoka kitandani mwake, na kila pumzi avutayo huko huwa na oksijeni isiyofika theluthi mbili ya ile ya pwani ya bahari. Maumivu ya kichwa, kichefuchefu na kukosa usingizi huweza kuanza mtu apitapo mita 2,500. Waganga waliochunguza jambo hili wameona kwamba uzee peke yake hauzidishi ugonjwa huo. Pengine vijana huugua zaidi, kwa kuwa hukimbilia juu. Lakini moyo wenye kasoro, mapafu yaliyochoka na shinikizo la damu lisilotibiwa, mambo ambayo huzidi kwa umri, hayana msamaha huko juu.

Mwaka 2019 Anne Lorimor, mama wa Kimarekani, alifika kilele cha Kilimanjaro akiwa na miaka 89. Habari hiyo iliwatia wazee wetu nguvu, na ni haki yao. Lakini Kilimanjaro hupandwa kwa siku kadhaa, na mwili hupata nafasi ya kuizoea hewa usiku baada ya usiku. Safari ya siku moja haitoi nafasi hiyo. Kwa hiyo tuliwashauri nao wakakubali: wasitoke Gisenyi alfajiri na kupanda siku ile ile. Waende Musanze, mwendo wa kilomita 60 hivi, mji ulio kwenye mita 1,850. Kisha wasogee Kinigi, palipo juu zaidi, walale huko usiku mbili. Gharama ya vitanda vya usiku wa pili ni ndogo kuliko gharama ya kumteremsha mgonjwa kwa machela.

Jambo la tatu ni saa, na hapa ndipo wengi hukosea. Mwaka 1892 Naismith, mpanda milima wa Uskochi, aliweka kanuni itumikayo hata leo: saa moja kwa kila kilomita tano za njia, na saa moja zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Njia ya Bisoke huanzia juu kidogo ya mita 2,500, hivyo mwinuko ni kama mita 1,100 na zaidi. Kwa mwinuko huo peke yake kanuni hudai karibu saa mbili kwa mtu mwenye nguvu penye njia kavu. Lakini Bisoke si njia kavu. Ni matope ya kuzama hadi kifundo cha mguu, mizizi, na majani ya kuwasha. Vijana hutumia saa tatu au nne kufika juu. Wazee wetu wamejiandikia nne na nusu.

Hesabu yao ni hii. Wapandaji hukusanyika Kinigi saa moja asubuhi, hupewa maelezo na waongozaji, kisha huchukuliwa kwa gari hadi mwanzo wa njia. Wakianza kutembea saa tatu, na wakipewa saa nne na nusu, inakuwa saa saba na nusu mchana. Kuteremka ni saa tatu au zaidi kidogo. Katika nchi hizi zilizo karibu na mstari wa ikweta jua halimsubiri mtu. Saa kumi na mbili jioni ni giza, kiangazi na masika. Hivyo wameandika kwa wino mwekundu: saa saba na nusu, tunageuka, hata kama kilele kimebaki hatua mia moja.

Mstari huo mwekundu ndio uliozua ubishi. Mzee wa miaka 73 alisema hatua mia moja si kitu. Mama akamjibu kwa upole kwamba miguu haivunjiki wakati wa kupanda, huvunjika wakati wa kurudi. Na ni kweli. Wakati wa kuteremka ndipo magoti hubeba uzito kwa kishindo, misuli ikiwa imekwisha kuchoka na macho yakiwa yamekwisha kufurahi. Mzee alinyamaza kidogo, kisha akaupitisha mstari.

Jambo la nne ni maandalizi ya mwili. Juu ya mji wa Gisenyi kuna kilima cha Rubavu, na wazee wetu wataupanda na kuuteremka mara tatu kila juma kwa miezi mitatu, kila mmoja na fimbo yake na mzigo mdogo mgongoni. Kipimo chao ni maneno: mtu asiyeweza kusema sentensi nzima bila kuhema anakwenda mbio mno. Mlimani, mwendo wa kundi utakuwa mwendo wa aliye wa mwisho, naye ndiye atakayetangulizwa mbele.

Jambo la tano ni mizigo na chakula. Kila mmoja atakodi mpagazi wake huko Kinigi. Hilo si anasa wala si aibu. Ni riziki ya kijana wa kijiji na ni uhai wa goti la mzee. Mwili wa mzee hausikii kiu upesi, kwa hiyo maji yatanywewa kwa saa, si kwa hamu, lita mbili au tatu kwa siku nzima. Watachukua ndizi, viazi vilivyochemshwa, na sambaza wa Ziwa Kivu waliokaangwa kwa chumvi. Nguo za mvua na sweta ni lazima hata Julai, kwani kileleni baridi huja pamoja na wingu. Majira waliyochagua ni kati ya Juni na Septemba, matope yanapopungua.

Jambo la sita, ambalo wangeliacha kama si yule mama, ni daktari. Wote wanne walikwenda kupimwa. Watatu waliruhusiwa. Mzee wa miaka 73 alikutwa na shinikizo la damu ambalo hakulijua, akaambiwa atumie dawa, apimwe tena, na asipande mpaka aruhusiwe. Ndiye aliyeanzisha safari yote.

Tulitazamia kwamba watatu wangekwenda na mmoja angebaki. Hawakufanya hivyo. Walifuta tarehe ya Juni, wakaandika ya Agosti. Na kama Agosti daktari atakataa tena? Mzee mwenyewe ndiye aliyejibu: atakwenda nao mpaka Kinigi, atalala nao usiku mbili, na asubuhi atabaki na saa yake. Kundi lisiporudi kwa wakati, kutakuwa na mtu anayejua limepita njia gani na lilitakiwa kugeuka saa ngapi. Kila kundi lapaswa kumwacha mtu wa namna hiyo nyuma yake.

Walibakiza swali moja la kuuliza Kinigi kabla ya kulipa: ikiwa mmoja atashindwa njiani, je, ataweza kurudishwa na mwongozaji au mpagazi huku wengine wakiendelea? Jibu likiwa hapana, wamekubaliana kugeuka wote. Na mtu akilegea miguu kama mlevi, au akihema ilhali amekaa, au akisema maneno yasiyoeleweka, hakuna shauri wala kura: ni kuteremka saa ile ile.

Tuliagana nao jua likiwa limekwisha kuwa kali na mawingu yamekwisha kuifunika Nyiragongo. Mzee alifunga daftari, akasimama, akatuaga. Alikuwa akienda kununua dawa zake, kisha kuanza Rubavu polepole, kiasi alichoruhusiwa. Tunamtakia afya njema, na tunawaomba wasomaji wenye umri wake walikumbuke daftari lile kabla ya kuinua macho kuelekea kilele chochote.