Kujiunga Kuna Funguo, Kufuatilia Hakuna

Mkulima wa korosho wa Nanganga, pale barabara ya Ruangwa inapochepuka kutoka ile ya Mtwara na Masasi, ameuliza: AMCOS yake, yaani chama chake cha ushirika, ina kundi la WhatsApp, na bei za mnada anazipata kwenye chaneli anayoifuatilia. Kwa nini kundini kila mtu anaiona namba yake, lakini kwenye chaneli haonekani na mwenzake yeyote?

Habari za minara na vifurushi tuziache. Jibu liko kwenye funguo.

Ujumbe wa kundi husimbwa ndani ya simu ya mtumaji. Wataalamu husema "usimbaji fiche". Mimi naona usimbaji unatosha, kwani aliyesimba amekwisha ficha. Sasa chukulia kila mwanachama ana sanduku lenye kufuli, naye amewachongea wenzake wote ufunguo wake. Akitaka kusema neno anaandika, anatia sandukuni, anafunga. Wenye ufunguo wanafungua. Seva ya WhatsApp ni mchukuzi tu. Na huwezi kumchongea ufunguo usiyemjua, ndiyo maana simu ya kila mwanachama lazima iwe na orodha ya wenzake, na WhatsApp huwaonyesha kwa namba zao.

Utamu uko hapa: kila ujumbe ukipita, kufuli na funguo zake hujigeuza kwa hesabu inayokwenda mbele tu, hairudi nyuma. Aliyejiunga leo anachongewa ufunguo wa leo. Masanduku ya jana hayafunguki kwake. Mtu akitoka, kufuli zote hutupwa na kila mmoja huchonga upya. Kundi huchukua hadi watu 1,024. Akitoka mmoja wanabaki 1,023. Kila mmoja akiwachongea wenzake 1,022, hizo ni funguo 1,045,506, kwa ajili ya mtu mmoja aliyeondoka!

Chaneli, zilizoanza Kolombia na Singapore Juni 2023 na kufika nchi zaidi ya 150 Septemba mwaka huohuo, kwa kawaida hazina sanduku hata moja. Nakala iko kwenye seva, anayefuatilia anasoma, wala hahitaji kujulikana na mwenzake. Akiacha, hakuna simu nyingine inayobadili chochote.

Kujiunga, basi, ni kuwapa wenzako kazi na wao kukupa wewe. Kufuatilia hakumdai mtu kitu. Viongozi wa AMCOS, bei za mnada ziwekeni kwenye chaneli, kila mkulima azione. Mambo ya ndani ya chama yabaki kundini, na aliyehama chama aondolewe siku hiyohiyo, maana akibaki, kila ufunguo mpya naye anachongewa.