Mbio za nyika: Kwa nini mtimkaji wa nne ndiye uti wa mgongo wa klabu

KILA Jumamosi, msimu wa mbio za nyika unapowadia nchini, magari ya kukodi huwasili mapema katika viwanja vya nyasi vya miji ya Bonde la Ufa na kwingineko, yakishusha vijana waliovalia sare za rangi mbalimbali. Baadhi yao ni wa klabu za vijijini zenye kocha mmoja na saa moja ya kupimia muda. Wengine wametumwa na Polisi, Magereza au jeshi.

Wapiga picha hujikusanya penye utepe kumngoja mshindi. Mezani, hata hivyo, karani mwenye karatasi ya matokeo huwa hajamaliza kazi mshindi anapowasili. Yeye humngoja mtu ambaye jina lake huenda lisitajwe redioni wala gazetini: mtimkaji wa nne wa kila timu.

Mtu huyo ndiye huamua ni klabu ipi itakayorejea nyumbani na kombe. Wengi wanaofuatilia riadha hawajui jinsi hesabu hiyo inavyofanywa, wala kwa nini kijana aliyemaliza katika nafasi ya 12 anaweza kupongezwa na kocha wake kuliko aliyeshinda mbio.

Hesabu yenyewe si ngumu. Katika kanuni zinazotumiwa kwenye Mbio za Nyika za Dunia upande wa watu wazima, timu huwa na wakimbiaji sita, na wanne wa kwanza kati yao ndio wanaohesabiwa. Nafasi aliyomaliza kila mmoja hugeuzwa kuwa alama: wa kwanza hupata alama 1, wa kumi hupata alama 10. Alama za wanne hao hujumlishwa, na timu yenye jumla ndogo zaidi ndiyo bingwa.

Chukua mfano wa klabu mbili. Ya kwanza ina nyota wawili wanaomaliza katika nafasi za 1 na 2, lakini wenzao wanafika katika nafasi za 14 na 17. Jumla yao ni alama 34. Klabu ya pili haina nyota. Watu wake wanamaliza katika nafasi za 5, 7, 9 na 12, jumla ikiwa ni alama 33. Klabu ya pili ndiyo bingwa, ingawa hakuna hata mmoja wake aliyepanda jukwaani kupokea nishani.

Mfano huo una fundisho jingine. Tuseme wakimbiaji wa tano na wa sita wa klabu ya pili walimaliza katika nafasi za 13 na 16. Alama zao hazikuhesabiwa, lakini wawili hao waliwasukuma nyuma wapinzani. Lau wangezembea na kupitwa, mtu wa tatu wa klabu ya kwanza angekuwa wa 13 na wa nne angekuwa wa 15. Klabu hiyo ingepata alama 31 na kutwaa kombe. Kwa hivyo, hata mtu ambaye jina lake halimo katika hesabu anaweza kuwa ndiye aliyeshinda vita.

Timu mbili zinapotoshana kwa alama, desturi ya mchezo huu imekuwa kutazama ni ya nani ambayo mtu wake wa mwisho kuhesabiwa alitangulia kufika. Hapo pia mtimkaji wa nne ndiye hakimu. Wahenga walinena kwamba jifya moja haliinjiki chungu, na mbio za nyika ni ushahidi wa kauli hiyo.

Kenya ilijengea sifa yake juu ya hesabu hii. Kuanzia mwaka wa 1986 hadi 2003, timu ya wanaume watu wazima ilishinda taji la dunia mara 18 mfululizo. Katika kipindi hicho yalitokea majina makubwa, Paul Tergat akishinda taji la mtu binafsi mara tano mtawalia kati ya 1995 na 1999. Hata hivyo, kulikuwa na miaka ambapo bingwa wa mtu binafsi alitoka nchi nyingine na kombe la timu likaja Nairobi vilevile, kwa sababu Wakenya wengine walifika kwa kundi.

Hali hiyo ilijirudia Mombasa mnamo Machi 24, 2007, Kenya ilipoandaa mashindano hayo kando ya Bahari Hindi. Joto na unyevu wa pwani uliwatesa wengi, na hata Kenenisa Bekele wa Ethiopia, aliyekuwa mfalme wa mbio hizo, alijiondoa kabla ya kumaliza. Zersenay Tadese wa Eritrea ndiye aliyetawazwa bingwa. Kenya haikuwa na mshindi wa mbio, lakini ilikuwa na timu, na taji la timu likasalia nyumbani.

Miaka kumi baadaye, mnamo Machi 26, 2017, mambo yaligeuka jijini Kampala, Uganda. Geoffrey Kamworor alishinda mbio za wanaume na Mkenya mwenzake, Leonard Barsoton, akawa wa pili. Mashabiki walikuwa na kila sababu ya kushangilia. Lakini karani alipomaliza kujumlisha, taji la timu lilikwenda Ethiopia, ambayo watu wake walikuwa wamefika wakiwa karibu karibu.

Siku hiyo hiyo, wanawake wa Kenya walionyesha kinyume chake. Walichukua nafasi zote sita za kwanza. Irene Cheptai alikuwa wa kwanza, Alice Aprot wa pili, Lilian Rengeruk wa tatu na Hyvin Kiyeng wa nne, jumla ikiwa ni alama 10. Hakuna timu inayoweza kupata alama chache kuliko hizo.

Jambo linalostahili kukumbukwa zaidi ni nani waliokuwa nje ya hesabu. Wa tano alikuwa marehemu Agnes Tirop, aliyekuwa bingwa mtetezi baada ya kushinda mjini Guiyang, China, mwaka wa 2015. Wa sita alikuwa Faith Kipyegon, bingwa wa Olimpiki wa mbio za mita 1,500 mwaka wa 2016. Mabingwa wawili wa kiwango hicho walikimbia kilomita 10 hadi mwisho, na alama zao hazikuhitajika. Hata hivyo, kila mpinzani aliyetaka kuiongezea Kenya alama alilazimika kuwapita wao kwanza.

Kazi hii ya kumfanyia mwenzako ina historia ndefu. Katika Michezo ya Olimpiki ya Mexico mwaka wa 1968, Ben Jipcho aliongoza fainali ya mita 1,500 kwa mzunguko wa kwanza wa sekunde 56, kasi ambayo wengi waliiona ya hatari katika mji ulio juu sana ya usawa wa bahari. Kasi hiyo ilimfaa Kipchoge Keino, ambaye alichukua uongozi baadaye na kumwacha mbali Jim Ryun wa Marekani. Keino alipata dhahabu na Jipcho akamaliza mbali na nishani.

Jipcho hakubaki kuwa msaidizi. Alitwaa fedha katika mbio za mita 3,000 kuruka viunzi na maji mjini Munich mwaka wa 1972, Keino akiwa mbele yake kwa mara nyingine. Mwaka wa 1974 alirejea kutoka Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Christchurch akiwa na dhahabu mbili na shaba moja. Anayewabeba wenzake leo naye huwa na siku yake.

Katika mbio za barabarani, kazi hiyo imegeuka kuwa ajira. Waandalizi wa marathoni kubwa huwalipa waweka kasi, ambao hutangulia mbele ya viongozi kwa kasi iliyokubaliwa, huwakinga dhidi ya upepo, kisha hujiondoa baada ya umbali fulani. Kijana wa klabu ambaye hajapata jina huweza kusafiri Ulaya kwa mara ya kwanza kwa njia hii.

Sheria hazimkatazi mweka kasi kuendelea hadi mwisho ikiwa alianza mbio pamoja na wengine. Simon Biwott alikwenda Berlin mwaka wa 2000 kuweka kasi, akaendelea, na akashinda. Katika jiji hilo hilo, mnamo Septemba 28, 2003, Sammy Korir alikuwa mweka kasi wa Tergat. Tergat alivunja rekodi ya dunia kwa saa 2, dakika 4 na sekunde 55. Korir alifika sekunde moja tu nyuma yake, naye pia akiwa chini ya rekodi ya zamani.

Ndiposa makocha wengi hupinga dhana kwamba kukimbia ni mchezo wa mtu mmoja. Katika kambi ya Kaptagat, ambako Eliud Kipchoge amenolewa na kocha Patrick Sang kwa miaka mingi, wakimbiaji huamka pamoja, hukimbia kwa kundi na kugawana kazi za usafi, bingwa wa Olimpiki akiwa na zamu yake kama kijana aliyejiunga jana. Aliye nyuma hujifunza kasi kwa kumfuata aliye mbele, naye aliye mbele hawezi kupunguza mwendo kwa sababu anasikia vishindo nyuma yake.

Kwa chipukizi, mbio za Jumamosi zina uzito mwingine usioonekana na mtazamaji. Karatasi ya matokeo ndiyo barua yake ya kuombea kazi. Tangu enzi za Keino, ambaye alikuwa afisa wa polisi, vikosi vya usalama vimekuwa mwajiri mkuu wa wanariadha nchini. Tergat alitoka Jeshi la Wanahewa, naye Kipyegon ni afisa wa polisi. Kila kikosi huandaa mashindano yake na kupeleka timu katika mashindano ya kitaifa, na kila kocha wa kikosi hutafuta mtu wa kuziba pengo la nafasi ya nne au ya tano.

Kijana anayepata kazi hiyo hupata mshahara wa kila mwezi na muda wa kufanya mazoezi. Asiyeipata hutegemea jamaa zake kulipia chumba cha kupanga, unga, na viatu ambavyo huchakaa upesi. Tofauti ya maisha hayo mawili inaweza kuwa sekunde chache katika mzunguko wa mwisho wa Jumamosi moja.

Hapo ndipo pia hatari huanzia. Pembeni mwa uwanja huwa kuna mawakala wanaotafuta watu wa kuwapeleka katika mbio za barabarani ng'ambo. Wakala halali huwa na kibali, na kwa kawaida hukata takriban asilimia 15 ya zawadi. Lakini kijana mwenye njaa huweza kutia sahihi mkataba asiousoma, au kukimbizwa mbio nyingi mfululizo hadi miguu ikamfa kabla hajafika umri wa kukomaa.

Hatari nyingine ni dawa za kusisimua misuli. Mwaka wa 2016 Kenya ilitunga sheria iliyoanzisha shirika la kitaifa la kupambana na dawa hizo, ADAK. Kanuni za kimataifa humfanya mwanariadha mwenyewe kuwajibika kwa chochote kinachopatikana mwilini mwake, hata akidai kwamba alipewa na daktari au rafiki. Wale walio katika orodha maalum ya kupimwa hutakiwa pia kueleza mahali watakapokuwa kwa dakika 60 za kila siku, na wakikosekana au kukosea taarifa hizo mara tatu katika miezi 12, huweza kupigwa marufuku. Mkimbiaji asiye na klabu ya kumwelimisha huyajua haya akiwa amechelewa.

Kwa wanawake, kuna hatari iliyo karibu zaidi. Agnes Tirop, yule yule aliyemaliza wa tano Kampala, aliuawa nyumbani kwake Iten mnamo Oktoba 2021 akiwa na umri wa miaka 25. Kifo chake kiliwafanya wanariadha wenzake na jamaa zake kuanzisha shirika la Tirop's Angels kupambana na dhuluma dhidi ya wanawake. Kilizua pia mjadala kuhusu wasichana wanaoanza kushinda pesa na kujikuta chini ya wanaume wanaodhibiti mazoezi yao, akaunti zao na mali yao kwa pamoja.

Klabu iliyo imara ni kinga dhidi ya mengi ya haya. Humwezesha msichana kuwa na wenzake wa kuwaeleza shida yake. Humpa kijana mtu mzima wa kumsomea mkataba kabla ya kuutia sahihi. Humsimamisha kocha katikati ya mkimbiaji na wakala mwenye haraka, na humfundisha mkimbiaji kuuliza kilichomo ndani ya kila tembe anayopewa.

Kuna jambo moja ambalo mzazi anaweza kufanya kabla ya kumruhusu mwanawe ajiunge na kambi au klabu. Asiulize tu ni mabingwa wangapi waliotoka pale, kwani kila kambi huwa na picha ya bingwa ukutani. Aulize habari za wale wanaomaliza wa nne, wa tano na wa sita: wanakula nini, wanalipwa na nani, nani huweka hesabu za pesa zao, na wakiumia hutibiwa wapi.

Majibu ya maswali hayo humfichulia mengi kuhusu klabu kuliko kombe lolote. Na Jumamosi ijayo, mshindi akishapita na wapiga picha wakaanza kufungasha vifaa, mtazamaji aliyeelewa hesabu hii ataendelea kusimama kando ya utepe, akihesabu sare za rangi moja hadi ya nne ifike.