Kwa Baiskeli Kutoka Komarock: Vilima, Mito na Misitu Iliyo Karibu Nasi

Wakazi wengi wa mitaa ya mashariki ya Nairobi, yaani Komarock, Kayole, Umoja, Dandora na mingineyo, huijua baiskeli kama chombo cha kazi tu. Ndiyo ipelekayo mkate na maziwa dukani alfajiri, ndiyo ibebayo mitungi ya maji siku za uhaba, na ndiyo imfikishayo fundi kazini bila nauli. Hata neno boda boda, ambalo siku hizi hutumiwa zaidi kwa pikipiki, lilianza na baiskeli zilizochukua abiria mpakani mwa Kenya na Uganda, huko Busia. Lakini ni wachache wanaofikiri ya kwamba chombo hicho hicho chaweza kumpa mtu mapumziko mema siku ya Jumamosi au ya Jumapili, kumwonyesha nchi yake, na kumrudisha nyumbani jioni akiwa na afya zaidi kuliko alivyotoka.

Makusudi ya makala hii ni kuwaeleza wasomaji mahali panapoweza kufikiwa kwa baiskeli na mtu akaaye Komarock, na jambo moja ambalo yafaa tulitie moyoni: ya kwamba mahali pa wazi pasipotembelewa na watu hupotea upesi.

KWANZA, NCHI YENYEWE

Mtaa wa Komarock uko ukingoni mwa uwanda mkubwa. Ukitazama upande wa mashariki, nchi yashuka kidogo kidogo kuelekea Mto Athi, na mbele zaidi vinaonekana vilima vya Ukambani. Kwa hiyo mpanda baiskeli na akumbuke tangu mwanzo kwamba kwenda mtoni ni rahisi, bali kurudi ni kupanda. Asitumie nguvu zake zote asubuhi.

Udongo wa uwanda huo ni mweusi, wa mfinyanzi. Wakati wa kiangazi, Januari na Februari, na tena tangu Juni mpaka Septemba, ni mgumu kama sakafu, na njia za kando hupitika vizuri. Lakini mvua ikinyesha udongo huo hushikamana na magurudumu hata yasizunguke, na mwenye baiskeli huwa ndiye abebaye baiskeli. Basi miezi ya masika, Machi mpaka Mei, na ya vuli, Oktoba mpaka Desemba, asiiache barabara ya lami.

SAFARI FUPI: NJIRU NA RUAI

Kwa anayeanza, safari ya kufaa ni ile ya Barabara ya Kangundo kupita Njiru mpaka Ruai. Ni mwendo wa kama saa moja kwa mtu asiye na haraka. Hapo Njiru ataona machimbo ya mawe, ambamo mafundi huchonga mawe ya kujengea. Nyumba nyingi za Nairobi zimetoka katika mashimo ya namna hiyo, nasi tulalao ndani yake hatujui jasho lililozitoa.

Mbele, upande wa Ruai, kuna mabwawa makubwa ya kusafishia maji machafu ya mji. Huenda msomaji akacheka akiambiwa kwamba hapo pana kitu cha kutazamwa. Lakini wajuao ndege huja toka mbali kwa ajili ya mabwawa hayo, maana ndege wa majini hukusanyika kwa wingi: bata wa mwitu, korongo, mwari na hata heroe. Katika miezi ambayo Ulaya ni baridi kali, ndege wa huko huruka maelfu ya kilomita kuja kukaa kwetu. Mahali hapo ni mali ya umma na pana walinzi, kwa hiyo lazima kuomba ruhusa kwanza.

KILIMA CHENYE JINA LETU

Watu wamekaa Komarock miaka mingi, wakaandika jina hilo katika barua na vyeti vyao, wasijue kwamba ni jina la kilima. Kilima cha Koma kiko kando ya Barabara ya Kangundo, katika Kaunti ya Machakos, yapata kilomita 30 kutoka mtaani. Mtu apita Ruai, Kamulu, Joska na Malaa, na njiani avuka Mto Athi. Kilima chenyewe ni mwamba uliosimama peke yake katika nchi tambarare, nao huonekana toka mbali.

Wakatoliki wamepafanya hapo mahali pa hija, na mahujaji wengi hufika. Kwa sababu hiyo mgeni apande kwa adabu, asipige kelele wala asitupe taka, hata kama dini yake ni nyingine. Juu ya mwamba mtu hupata ujira wa safari yake. Upande wa magharibi aona alikotoka, majumba ya Nairobi yakiwa madogo kama viberiti. Upande wa kaskazini aona Kilimambogo. Na kandokando yake kuna mashamba ya Wakamba. Ni vema kila mkazi wa Komarock akione kilima hiki angalau mara moja, ajue maana ya anwani yake.

MAPOROMOKO NA KILIMAMBOGO

Aliyekwisha zoea aweza kwenda mbali zaidi, mpaka Tala, kisha akate kushoto kuelekea mji mdogo wa Ol Donyo Sabuk. Hii si safari ya kubahatisha. Ni heri kutenga siku mbili, na kulala huko usiku mmoja. Wengine hupakia baiskeli zao juu ya gari mpaka Thika, wakaanzia hapo.

Huko ndiko yaliko maporomoko yaitwayo Fourteen Falls, ambako Mto Athi hugawanyika katika vijito vingi na kuanguka majabalini kwa kishindo. Yamkini msomaji atashangaa akijua maji hayo yanatoka wapi. Mto Nairobi, ule upitao Dandora karibu na nyumba zetu, huungana na Athi kabla ya maporomoko. Kisha mto huo hushuka Ukambani, hubadili jina ukaitwa Galana, na mwisho Sabaki, ukaingia Bahari ya Hindi upande wa kaskazini wa Malindi. Basi mfuko wa plastiki tuutupao mtaroni Komarock aweza kuuona mtu wa maporomoko, na mvuvi wa Malindi pia. Povu na taka zilizoko hapo si za wenyeji. Nyingi ni zetu. Mtu akiisha kuziona kwa macho yake, baada ya kuendesha baiskeli kutwa nzima kuutafuta uzuri, hatahitaji kuhubiriwa tena habari za usafi. Na aonywe pia asiogelee: miamba ile inateleza, na watu wamekufa maji hapo.

Karibu na maporomoko kuna mlima ambao Wamasai waliuita Ol Donyo Sabuk, yaani mlima mkubwa. Wakamba huuita Kyanzavi, na wengi wetu twaujua kwa jina la Kilimambogo. Kimo chake ni meta 2,145. Ulifanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 1967, na jina la Kilimambogo si la mapambo: mbogo wangali wamo msituni. Mwenye baiskeli asipite langoni kwa ujasiri wake mwenyewe, bali awaulize askari wa wanyamapori na kufuata wasemayo. Mlimani humo limo kaburi la Mmarekani William Northrup McMillan, aliyekufa mwaka 1925. Mkewe ndiye aliyejenga Maktaba ya McMillan mjini Nairobi kwa ukumbusho wake, nayo ilifunguliwa mwaka 1931. Wafanyakazi wengi wa ofisi hupita mbele ya nguzo za maktaba hiyo kila siku.

MFANO WA KARURA

Upande wa pili wa mji uko Msitu wa Karura, wenye eneo la hekta 1,000 na zaidi. Humo zimo njia maalumu za baiskeli chini ya miti, maporomoko madogo, na mapango. Mtu hulipa kiingilio, na baiskeli za kukodi zipo kwa asiye nayo.

Lakini yafaa ikumbukwe kwamba msitu huo nusura upotee. Katika miaka ya 1990 sehemu zake ziligawiwa watu wajenge majumba. Profesa Wangari Maathai na wenzake walikwenda kupanda miti humo kwa kupinga jambo hilo, na mwezi wa Januari mwaka 1999 walishambuliwa na kuumizwa. Mwaka 2004 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Baada ya msitu kuokolewa, watu kwa muda waliogopa kuingia kwa sababu ya wahalifu. Ndipo wakazi wakashirikiana na Idara ya Misitu, uzio ukajengwa, njia zikasafishwa, na watu wakaanza kutembea na kuendesha baiskeli kwa wingi. Leo msitu huo una walinzi wengi kuliko walioajiriwa, maana kila aupendaye ni mlinzi wake.

Hapa ndipo penye funzo kwetu sisi wa mashariki. Uwanda ulio baina ya Komarock na Athi wapungua kila mwaka. Njia iliyopitika jana, leo imezibwa kwa ukuta wa mawe na bango la kuuza viwanja. Si vibaya watu kujenga, kwa sababu kila mtu ataka pa kulala. Lakini kando ya mito na vilima pakiisha kuzungushiwa seng'enge, watoto wetu watacheza wapi? Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Mahali ambapo watu hupita kila juma, huijua njia na kulijua jina lake, si rahisi kupachukua kimyakimya. Gurudumu la baiskeli laweza kuwa shahidi.

MANENO YA TAHADHARI

Hatari kubwa kuliko mbogo ni barabara. Barabara ya Kangundo ina malori ya mawe na matatu zenye haraka, na pale ivukanapo na njia ya Eastern Bypass panahitaji uangalifu mwingi. Mwaka 2015 Kaunti ya Nairobi ilipitisha sera ya kuwapa nafasi waendao kwa miguu na kwa baiskeli, na baadhi ya barabara, kama ile ya Outer Ring, zimetengewa njia zao. Lakini mahali pengi mpanda baiskeli angali hana njia ila ukingo wa lami. Ni haki yetu kuwakumbusha wawakilishi wetu, kwa heshima na bila kuchoka, kwamba sera iliyoandikwa haimkingi mtu na lori.

Wakati huo huo tujikinge wenyewe. Tutoke saa kumi na mbili asubuhi, kabla magari hayajawa mengi. Tuvae kofia ngumu na nguo za rangi ing'aayo. Fundi aangalie breki, mnyororo na spoki siku moja kabla ya safari. Kila mmoja achukue maji, pampu, viraka na gundi yake, maana mwiba wa mgunga hauulizi cheo cha mtu. Twende watatu au wanne, mmoja nyuma ya mwingine, na turudi kabla ya giza.

Baiskeli nzito nyeusi iitwayo Black Mamba itafaa sawasawa na ile ya thamani kubwa, ila tu isiharakishwe. Kawia ufike. Na aliyefika Koma siku moja, juma la pili amchukue jirani yake.