Baridi Yabisi, Mundu na Viungo Vinavyouma (Sehemu ya Nne)

Tarehe 19 Juni 2025, siku ambayo Umoja wa Mataifa uliitenga kwa azimio la mwaka 2008 ili dunia iukumbuke ugonjwa wa selimundu, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa kwanza wa kimataifa kuhusu matunzo ya wanawake wenye ugonjwa huo wakati wa ujauzito na wa kujifungua, likakadiria kwamba watu milioni 7.7 wanaishi nao na kwamba huua watu 375,000 kila mwaka. Tangazo hilo liliikuta Lubumbashi katika baridi yake ya mwaka, mvua zimekwisha kukatika, vumbi jekundu limetanda juu ya miembe ya Makomeno na Kalubwe, na watu wanalala kwa blanketi mbili. Huo ndio msimu ambao katika nyumba nyingi za mji hakosekani mtu ambaye magoti, viwiko au nyonga humuuma hata akashindwa kuvaa viatu, ambaye amekwisha kupita kwa madaktari wawili watatu, amechomwa sindano na kupewa vidonge, na bado hajaambiwa anaumwa nini.

Sehemu tatu zilizotangulia zilieleza himoglobini ni nini, mtoto huirithi vipi kutoka kwa baba na mama, na kwa nini mtu wa AS, aliyerithi mundu kwa mzazi mmoja tu, hahesabiwi kuwa mgonjwa ilhali wa SS, aliyeurithi kwa wote wawili, ni mgonjwa. Hayo hayatarudiwa. Sehemu hii ni ya viungo, nayo haiwezi kuanza bila kulichunguza neno lenyewe.

Kiswahili sanifu huyaita maumivu ya viungo yasiyokwisha baridi yabisi, jina ambalo neno lake la pili limetoka katika Kiarabu likiwa na maana ya kavu, kwa hiyo anayelitamka anasema, ajue asijue, kwamba mgonjwa ameingiwa na baridi kavu. Mitaani Lubumbashi husikika zaidi rimatisimu, neno lililotoka kwa Wafaransa na Wabelgiji, nalo limekuwa kapu la kutupia kila uchungu usiojulikana chanzo chake, uwe wa bibi wa miaka sabini au wa mtoto wa miaka miwili. Ajabu ni kwamba jina la Kiswahili, ambalo hakuna daktari aliyelitunga na ambalo lilizoeleka pwani penye joto, linaifaa zaidi hewa ya Katanga, maana mji huu umekaa mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na baridi yake ya Juni na Julai huja ikiwa imefuatana na ukavu. Tena baridi na upungufu wa maji mwilini ni miongoni mwa mambo yanayojulikana vizuri kuwa huamsha maumivu ya selimundu, kwa sababu mishipa midogo husinyaa kwa baridi na damu iliyopungukiwa na maji hupita kwa shida. Wazee hawakuwa na darubini, lakini waliyaona majira na wakayahusisha na mifupa.

Wataalamu wa ng'ambo nao walianzia hapohapo. Mwezi Novemba 1910 daktari James Herrick wa Chicago alichapisha maelezo ya mgonjwa wake, Walter Clement Noel, mwanafunzi wa udaktari wa meno aliyetoka kisiwa cha Grenada, ambaye damu yake, ilipotazamwa kwa darubini na msaidizi wa Herrick, Ernest Irons, ilionekana kuwa na chembe nyekundu nyembamba zilizopinda kama mundu. Katika miaka waliyomfuatilia, madaktari hao walikutana na vipindi vya maumivu ambavyo havikupata jina jingine isipokuwa baridi yabisi ya misuli. Waliziona chembe, waliyaona maumivu, lakini hawakuviunganisha. Noel akarudi kwao Grenada na kufa kwa nimonia mwaka 1916, akiwa na umri wa miaka 32. Wenyeji wa Lubumbashi wanaopenda tarehe watatambua kwamba mwaka huohuo wa 1910 reli iliyotoka Rhodesia ilifika na mji wa Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, ukaanzishwa, kwa hiyo mji huu na elimu ya selimundu vina umri mmoja, na hadi leo havijakutana inavyostahili.

Kinachotokea ndani ya kiungo si fumbo tena. Chembe nyekundu yenye himoglobini S, ikishatoa hewa ya oksijeni, hukakamaa na kupinda, na chembe nyingi za namna hiyo zikikwama katika mshipa mwembamba, sehemu ya mfupa iliyo mbele hukosa damu, nao mfupa uliokosa damu hulia kama jino. Kwa mtoto mchanga jambo hili huchelewa, kwa kuwa himoglobini ya tumboni humkinga katika miezi ya kwanza, kisha, anapokaribia nusu mwaka au mwaka mmoja, huja dalili ambayo kila mama na kila muuguzi angepaswa kuijua. Viganja na nyayo huvimba, ngozi ya mgongo wa mkono hung'aa kwa kutunishwa, vidole hunenepa na kukaza, na mtoto aliyekuwa akishika kijiko jana leo hulia anapoguswa hata na shuka. Anayetazama haraka husema ameanguka au ameumwa na mdudu. Kwa mtu mzima uharibifu hupenda kichwa cha mfupa wa paja, pale unapoingia nyongani, ambapo mfupa hufa kidogo kidogo hadi kichwa hicho kinabonyea; picha ya eksirei ya mwanzo yaweza kuonyesha mfupa mzima, na mgonjwa akarudishwa nyumbani akiambiwa hana kitu, huku akichechemea.

Si kila goti linaloumwa lina selimundu. Iko jongo, uko ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia viungo vyake yenyewe, na iko chikungunya, iliyopewa jina la Kimakonde baada ya mlipuko wa mwaka 1952 kusini mwa Tanganyika kwa sababu humpinda mgonjwa, ambayo itapewa nafasi yake katika sehemu ijayo. Ila katika nchi ya Kongo selimundu ingestahili kuulizwa kwanza, hasa mgonjwa akiwa kijana, na sababu yake ni ya kale.

Mwaka 1946 daktari E. A. Beet, aliyekuwa akifanya kazi katika wilaya ya Balovale, Rhodesia ya Kaskazini, eneo ambalo leo ni Zambezi katika nchi ya Zambia, alichapisha katika jarida la kitabibu la Afrika Mashariki uchunguzi uliostahili kupigiwa ngoma: wenyeji wenye chembe mundu walionekana na vijidudu vya malaria damuni kwa uchache kuliko wenzao. Balovale ni nchi ya Waluvale na Walunda, na Walunda hao ni ndugu za Walunda wa upande huu, wanaomtambua Mwant Yav, mfalme wao, kwa kuwa mpaka uliochorwa baina ya Waingereza na Wabelgiji haukuwahi kuigawa damu ya mtu. Mwaka 1949 Beet huyo, na James Neel wa Marekani kwa njia yake, walionyesha kwamba ugonjwa hutokea pale mtoto anapopokea urithi wa mundu kutoka kwa wazazi wote wawili. Mwaka uleule Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba himoglobini ya mgonjwa husafiri katika umeme kwa namna yake ya pekee, na hapo ndipo ulipozaliwa uchunguzi wa ugonjwa huu kwa elektroforesi, yaani kuzitenganisha himoglobini kwa nguvu ya umeme. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alikusanya damu huko mwaka 1949, akaona kwamba wenye chembe mundu ni wengi pwani na kandokando ya ziwa Viktoria na ni wachache nyanda za juu, kisha mwaka 1954 akachapisha ushahidi kwamba AS humkinga mtoto na malaria kali. Vitabu vya shule humtaja Allison kwa herufi nene na kumsahau Beet, dhuluma ndogo ambayo makala hii inajaribu kuipunguza, kwani wazo la kwanza lilitoka kwa mganga wa wilaya, jirani kabisa na Katanga, aliyekuwa na darubini na uvumilivu.

Kwa hiyo wingi wa AS katika nchi hii ni deni la malaria. Vipimo vilivyofanywa Kinshasa kwa watoto wachanga 31,204, na kuchapishwa mwaka 2009, vilikuta asilimia 16.9 ni AS, yaani mmoja kati ya sita hivi, na asilimia 1.4 ni SS. Katika mji kama Lubumbashi, ulioijaza migodi yake kwa watu wa Kasai, wa Rhodesia, wa Ruanda-Urundi na wa pembe zote za Katanga, hakuna kabila linaloweza kusema kwamba jambo hili ni la wengine.

Hapa inabidi kusemwa jambo ambalo familia nyingi hazipendi kulisikia. Mtoto anapolia usiku akishika miguu na daktari hana jibu, nafasi ya jibu hujazwa na bulozi, kama unavyoitwa uchawi mjini, na anayeshukiwa huwa shangazi, bibi au, mara nyingi kupita kiasi, mama mwenyewe, ambaye ukoo wa mume humhesabia watoto waliokufa na kumwambia tumbo lake lina laana. Elimu ya Beet na Neel, yenye umri wa miaka zaidi ya 70, inasema wazi kwamba mtoto wa SS amepokea nusu kwa mama na nusu kwa baba. Baba anayemfukuza mkewe kwa kosa hilo anajifukuza mwenyewe. Na familia hizohizo, siku za posa, zilikaa jioni tatu zikijadili orodha ya mahari, mbuzi wangapi, suti ya baba mkwe, kibwende cha mama mkwe, yaani kitenge kizuri cha kuvaa, bila mtu mmoja kuuliza damu za wachumba zikoje. Si haki ya mtu yeyote kuwazuia watu wawili wa AS kuoana, na makala hii haishauri hivyo, lakini wanaooana bila kujua wanacheza kamari ambayo kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuzaa mgonjwa, na atakayelipa ni mtoto.

Kujua kunahitaji kipimo sahihi, na hapa pana mtego. Kipimo kiitwacho Emmel, kwa jina la Victor Emmel wa Marekani, ni rahisi: tone la damu huwekwa juu ya kioo, hufunikwa kwa kioo kingine chembamba, kingo huzibwa ili hewa isiingie, na baada ya kusubiri fundi hutazama kama chembe zimepinda. Hata hivyo chembe za AS nazo hupinda zikinyimwa hewa, kwa hiyo jibu la ndiyo halisemi kama mtu ni mgonjwa au ni mbebaji tu. Wapo waliobeba karatasi ya Emmel miaka mingi wakijidhani ni wagonjwa, na wapo SS wa kweli waliotulizwa kwamba wanabeba tu. Elektroforesi ndiyo inayotenganisha, na siku hizi vipo vipimo vya haraka vinavyofanya kazi hiyo kwa tone moja la damu ndani ya dakika chache. Hospitali kubwa ya mji ina jina la Jason Sendwe, mwanasiasa aliyeuawa Albertville, leo Kalemie, mwezi Juni 1964, na wengi hawakumbuki kwamba kabla ya siasa alikuwa msaidizi wa tiba, mtu wa kazi za namna hii hii za damu na darubini. Kuingiza vipimo hivyo vya haraka katika kila zoni ya afya kungemheshimu kuliko sanamu.

Yapo pia maumivu ambayo hata kipimo sahihi hakiyaelezi. Mtu mzima wa SS aweza kuumwa kila siku ilhali damu yake haijabadilika na picha haionyeshi jeraha jipya, kwa sababu mishipa ya fahamu iliyoteswa miaka mingi hujifunza kupiga kelele hata pasipo moto. Wala hakuna uchunguzi wa maabara unaopima uchungu. Katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2008, watu wazima 232 wa jimbo la Virginia waliandika maumivu yao kila siku, na ikaonekana kwamba waliumwa katika zaidi ya nusu ya siku hizo, huku siku walizokwenda kwa daktari zikiwa chache mno. Daktari anayesema hakuna kitu amekiona kipande kidogo tu cha mwaka wa mgonjwa, na muuguzi anayemwita kijana wa SS mpenda dawa anamkosea.

Kuhusu dawa, haidroksiurea ilijaribiwa kwa watoto 606 katika miji ya Luanda, Kinshasa, Kilifi na Mbale, na matokeo yaliyochapishwa mwishoni mwa 2018 yalionyesha kwamba mashambulizi ya maumivu yalipungua kwa zaidi ya nusu, malaria vilevile, na vifo vikapungua. Ni dawa ya kumeza, inayohitaji usimamizi wa daktari na vipimo vya damu vya mara kwa mara, nayo haitumiwi ovyo na mjamzito. Kwa wajawazito wenyewe, mwongozo ule wa Juni 2025 wa Shirika la Afya Duniani unakumbusha kwamba mwanamke mwenye selimundu ana uwezekano wa kufa kwa uzazi ulio mkubwa mara 4 hadi 11 kuliko wa asiye na ugonjwa huo, na kwamba ahudumiwe tangu mwanzo mahali penye damu ya kuongezewa.

Mzazi ambaye mtoto wake huamka usiku akishika magoti asiombe sindano nyingine ya rimatisimu kabla hajaitaja elektroforesi kwa jina lake mbele ya daktari. Amnyweshe mtoto maji ya kutosha, amfunike vizuri hadi Agosti ipite, na karatasi ya majibu aiweke pamoja na cheti cha kuzaliwa, kisha atoe nakala ya pili ambayo kijana ataichukua mwenyewe siku atakapokwenda kusoma Likasi au Kolwezi.